Siku ya Mtoto wa Bluu

Jana amerudi kutoka kwa shangazi yake na swali: "Mama, eti mimi nilizaliwa wa bluu?" Wifi yangu huyo, kwa kuongeza chumvi, hana mpinzani. Hukuzaliwa wa bluu, mwanangu. Uligeuka wa bluu ukiwa na wiki 14, siku ya chanjo, na chanzo ni mbeleko.

Ile ya kitani, ya pete mbili. Kitani hakivutiki mtoto anapozidi uzito, na kwa joto la Dar hakimchemshi yeye wala anayembeba. Nilikichemsha saa moja na nusu kwa soda ya kufulia na sabuni kidogo, maji yakawa kama chai ya rangi. Hatua hiyo hairukwi: nta iliyobaki kwenye nyuzi hukataa rangi, ukaishia na mabaka. Tena kitani hunywea, kwa hiyo mita zako 2 zipime baada ya kuchemsha, na pete zishonwe mwisho kabisa. Hapo sikukosea.

Nilikosea kwenye ndoo ya rangi. Nili ya unga, ile rangi ya bluu, fungu 1, chokaa iliyozimwa mafungu 2, sukari ya matunda mafungu 3, maji ya moto ambayo mkono unayavumilia kwa shida. Gramu 50 za nili kwa lita 20 zinatosha. Unazamisha kitambaa kikiwa kimelowa, dakika tatu, bila kugusa tope la chokaa chini. Unakitoa, unakianika robo saa. Unarudia mara sita, mara nane, hadi weusi unaoutaka. Mimi kliniki ilikuwa kesho yake na nilitaka kutoka na mbeleko mpya. Nikatia gramu 100 kwenye lita 10, nikazamisha mara moja tu, robo saa nzima.

Ilitoka ya kijani kama jani changa la mgomba, kisha hewa ikaanza kuigeuza mbele ya macho yangu, kutoka kwenye mapindo kwenda katikati. Bluu nzito, nzuri mno. Nikaisuuza maji mawili, nikaianika, nikapiga pasi.

Kliniki tulifika mapema. Nikamtoa mtoto kwenye mbeleko ili apimwe uzito, na muuguzi, mama wa makamo, akasimama na kadi mkononi bila kuandika. Shavu la kushoto bluu. Kidevu bluu. Midomo, kwa kuwa alikuwa ananyonya ukingo wa kitambaa njia nzima, bluu tupu.

"Mama, huyu mtoto amekuwa hivi tangu lini?"

Nikafungua mdomo, nisitoe neno. Akamlaza, akamfungua kifua, akahesabu pumzi huku akitazama saa ya ukutani. Akamfungua kinywa: ulimi wa waridi. Akaminya ukucha wa kidole gumba, ukageuka mweupe, akauachia, damu ikarudi palepale. Mtoto akamchekea. Benchi zima la akina mama lilikuwa kimya. Muuguzi akachovya pamba kwenye maji, akaipitisha shavuni polepole, akaigeuza na kuitazama. Kisha, bila kuninyanyulia macho:

"Hebu lete mikono yako."

Nikaileta. Kucha zote kumi za bluu, mpaka kwenye nyama.

"Sawa," akasema. "Kilo sita na gramu mia mbili."

Nilirudi nimembeba kwa khanga niliyoazimwa na jirani wa benchi. Tatizo lilikuwa hili: nili haijifungi kwenye uzi kama rangi nyingine. Huingia ikiwa imeyeyuka, hewa ikiigusa inageuka chembe na kunasa humo. Ndoo ikiwa kali na mzamisho mmoja, nyingi hurundikana juu ya uzi bila kupenya, na hutoka kwa kusuguliwa. Na kazi haiishii kwenye kusuuza: kitambaa kinawekwa kwenye maji yenye siki kidogo kuua ukali wa chokaa, kinasuuzwa tena, halafu kinachemshwa na sabuni laini, maji yanabadilishwa mpaka yabaki meupe. Siku hizi mtu akiniomba mbeleko ya mtoto anayenyonya kila kitu, namtilia rangi ya unga inayoshikana na uzi wenyewe kwa msaada wa magadi soda. Haina uzuri ule wa nili, lakini jaribio la kitambaa cheupe chenye maji inalipita.

Au pengine nili ningeiweza, kama ningekuwa na siku tatu. Sijawahi kuwa na siku tatu.

Leo ameitoa ile mbeleko kabatini, anataka kumbebea mwanasesere. Nikalowesha kipande cha shuka nyeupe, nikasugua ukingo mara kumi. Miaka minane ya kufuliwa.

Kidogo. Lakini imo.