Redio ya valvu ya Morris Minor inaimba tena, na sikuweka bluetooth

Nimechoka kuambiwa "toa vya ndani, weka bluetooth." Kila niliyemwonyesha redio ya Morris Minor, gari la marehemu baba, kuanzia Chikongola hadi Ligula hapa Mtwara, alikuja na ushauri huohuo: bakiza sura na vitufe, ndani tia sakiti ndogo ya Kichina ya elfu kumi na tano, basi. Fundi mmoja alikaa nayo wee, akanirudishia na kusema, "Kaka, valvu (zile taa za kioo za redio za zamani) zimekufa na hazipatikani popote." Hakuna hata moja iliyokufa. Nilipima nyuzi zake kwa testa, zote nzima, na leo redio inaimba kwa valvu zilezile alizoziacha mzee.

Mwenye redio ya namna hii asikubali kirahisi kuambiwa valvu zimekufa. Aanze na vibreta na kapasita za karatasi, vile vipande vidogo vinavyotunza umeme. Valvu zinataka volti 200 na ushei, betri inatoa 12, na transfoma haiwezi kupandisha umeme wa betri ukiwa umetulia vile. Ndiyo kazi ya vibreta: kopo la bati lenye ulimi wa chuma ndani, unakata na kuunganisha umeme karibu mara 100 kwa sekunde. Ule mvumo unaosikika kabla sauti haijatoka ni ulimi huo. Yangu ilikuwa kimya kabisa.

Madereva wa zamani walikuwa wanaigonga. Nami niliigonga kwa mpini wa bisibisi, ikavuma kidogo, ikanyamaza. Nikajua koili ni nzima, kilichobaki ni kufungua. Ukingo wa chini wa kopo umekunjwa kiwandani. Niliukunjua kwa koleo ndogo, polepole, nikizunguka, maana nilitaka kuukunja tena baadaye. Ndani, sponji ya kuzuia kelele ilikuwa imeyeyuka ikawa kama lami ya jua kali barabarani, nzito hivi, imeugandisha ulimi. Niliitoa kwa kijiti na pamba yenye spiriti. Sehemu zinazogusana zilikuwa na utando wa kijivu. Hewa ya chumvi ya Shangani haibakizi kitu. Nikapitisha msasa laini kabisa, namba 1000, kwa mkono mwepesi, kisha kipande cha kadi chenye spiriti nikakivuta katikati mpaka kikatoka kisafi. Usiupinde ulimi. Nafasi iliyopangwa kiwandani ndiyo hiyohiyo unayoihitaji.

Nilikuwa tayari kuwasha, ila namshukuru mzee mmoja wa Mikindani, fundi redio wa siku nyingi. Nilimwamkia tu na kumweleza nilikofikia, akanikatiza: "Mwanangu, usiwashe kabla hujabadilisha kapasita ya bafa." Hiyo inakaa upande wa volti kubwa wa transfoma na kuzima mishtuko inayotokea kila ulimi unapokata umeme. Ikivuja, vibreta inaungua, na transfoma inaweza kuifuata. Transfoma ndiyo usiyoipata.

Bafa inataka kapasita ya volti 1600 au 2000. Madukani nilikopita wanazo za volti 400, na muuzaji mmoja akaniapia kwamba "ni zilezile." Si zilezile hata kidogo! Hapo nikakumbuka TV za chogo. Karibu na transista kubwa ya mlalo (inayochora mistari ya picha), ile iliyofungwa kwenye bati la kupozea jirani na flaibeki (transfoma ya volti kubwa ya TV), kuna kapasita ya plastiki ya volti 1600, na thamani yake mara nyingi iko humohumo inamotakiwa, nanofaradi 5 hadi 10. Siku hizi TV za chogo zinatupwa, kila fundi ana lundo nyuma ya banda. Nilipewa moja bure, nikapata kapasita bora kuliko chochote ambacho duka lingeniuzia. Ila kioo cha TV hutunza umeme hata baada ya kuchomolewa, kwa hiyo mwambie fundi mwenyewe aumwage kwanza. Kapasita za kuchuja nilizitoa kwenye taa za enaji seva zilizokufa. Humo kuna za volti 400. Nilizipima moja moja, zilizochoka nikaziacha. Kwa jumla sidhani kama nilifikisha elfu thelathini, risasi ya kuchomea na spiriti zikiwamo.

Siku ya kuwasha nilipitisha umeme kwenye balbu ya taa kubwa ya gari, mfululizo na redio. Kukiwa na shoti balbu inawaka kwa nguvu zote na redio inasalimika. Yangu iliwaka, ikafifia, vibreta ikavuma, na baada ya muda kidogo spika ikaanza kutoa sauti kama ya maji yanayochemka. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja.

Fundi umeme wa magari naye alitaka kugeuza nyaya ili hasi iende kwenye bodi ya gari "kama magari yote." Nilikataa. Morris hii ilitoka kiwandani chanya ikiwa kwenye bodi, na redio hii ina valvu ya kunyoosha umeme, haijali upande. Ile sakiti ya bluetooth aliyonisihi niifunge ndiyo ingepiga shoti ikigusa bodi.

Mchana haishiki kitu cha maana, kwa sababu stesheni zetu za hapa ziko FM na hii inajua mawimbi ya kati na marefu tu. Usiku mawimbi ya kati yanaruka mbali, Kiarabu kinaingia safi. Nikitaka taarabu, nimechomea waya mwembamba kutoka kwenye volumu, nikapitisha kwenye kapasita ndogo hadi kwenye simu. Haionekani kwa nje, na ukiichomoa redio inabaki ilivyokuwa.

Kama una TV ya chogo iliyokufa, usiitupe. Vibreta ya pili naitengeneza sasa, ya jirani, na bafa bado naitafuta.