Komba wa Mikindani na vifuniko vinne vya uraka

Wiki hii jirani ameanza tena. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, yamejaa pipa, yanachachuka yenyewe, na ile harufu tamu yenye ukakasi imevuka ukuta ikaja kukaa barazani kwangu. Wenzangu wakinusa uraka, pombe ya mabibo, wanakumbuka ujana wao. Mimi nakumbuka taulo.

Ilikuwa Novemba 2011, msimu wa korosho umepamba moto. Bibi mmoja alituma mtu: komba wake ananuka. Mimi na mwenzangu wa kazi ya kutibu wanyama tukafika Mikindani, mji wa pwani huko Mtwara, shikamoo, marahaba, karibuni wanangu, tukaonyeshwa tenga pembeni mwa chumba cha uani. Ndani amejikunja komba mkubwa, wale wanaolia usiku kama mtoto mchanga, mkia umefunika uso. Aliokotwa akiwa mdogo mnazi ulipokatwa, mjukuu akamfunga kiunoni uzi wa nailoni wa nyavu asikimbie. Komba akakua, uzi haukukua. Nilimweleza bibi kwamba kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema hivyo. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza hali ya hewa ya nchi nyingine.

Mchana ndio wakati wa kumshika, maana ni mnyama wa usiku na jua likiwa juu yeye yuko usingizini. Tulifunga dirisha na mlango, tukaziba kwa gunia upenyo ulio kati ya ukuta na paa. Komba akiponyoka haingii uvunguni kama paka, anapanda. Ukianza kumkimbiza kwenye boriti umeshamuumiza: misuli ya mnyama wa porini anayehangaika muda mrefu huharibika, sumu yake ikaenda kwenye figo, naye anaweza kufa kesho yake wakati wewe umeshalipwa na kusahau. Kwa hiyo tulijipangia dakika tano, basi. Vitu vyote viliwekwa mkekani kabla: mkasi wa ncha butu, kibano, nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa na kutiwa chumvi kijiko cha chai kisichojaa, na iodini iliyozimuliwa mpaka ikafanana na chai ya rangi nyepesi.

Glovu za ngozi nene niliziacha kwenye mfuko. Zinazuia meno, ni kweli, lakini zinakunyima kujua unabana kiasi gani, na mnyama wa kilo moja na kitu ukimbana kifua kidogo tu hawezi kuvuta pumzi. Taulo zito lilimfunika kutoka nyuma. Mkono wangu wa kushoto ulitafuta kisogo kwanza, kidole gumba na cha shahada pande mbili za taya, si kwenye koo. Wa kulia ukashuka nyongani na kuinyoosha miguu ya nyuma, kidole kimoja kikikaa katikati ya vifundo ili mifupa isisagane. Nguvu zake zote za kuruka ziko kwenye miguu hiyo. Ukiiacha atasukuma na kujipinda mpaka ajiumize mgongo. Mkia haushikwi. Uzi ndiyo kabisa, hata kama umekaa kama mpini. Pua nikaiacha nje ya taulo. Viganja vyake vilikuwa na unyevunyevu wa mkojo, na hilo halikutushtua: komba hujipaka mkojo mikononi na miguuni, ndivyo alivyo.

Mwenzangu akachukua mkasi. Uzi ulikuwa umezama karibu robo tatu ya mzunguko, ngozi imeota juu yake. Akapenyeza ncha butu mgongoni, pale palipobaki wazi, akakata. Komba hakushtuka. Alikuwa ametulia kuliko komba yeyote niliyewahi kumshika, na mimi nikajisifu moyoni: huu ndio mshiko.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango.

"Mbona kanyamaza?"

Nikatazama. Jicho liko wazi, kubwa, la kahawia, halinitazami. Masikio, ambayo komba huyakunja na kuyakunjua kwa kila mchakacho, yamelala. Taulo chini ya kidevu lilikuwa limelowa, na hapo ndipo harufu ikanifikia. Mabibo. Nilidhani inatoka nje, kwa majirani. Ilikuwa inatoka kinywani mwake.

Nililitupa taulo, maana joto nalo linaua. Nikamlaza kifudifudi kwenye mkono, kichwa chini kuliko nyonga, nikafuta mdomo kwa pembe ya kitambaa, si kwa kidole. Yakatoka makapi ya njano na povu. Fizi zilikuwa zimepauka zikielekea buluu. Nikamsugua ubavu. Nje ilipita baiskeli, kengele ikalia mara mbili. Nikasugua tena. Kisha akakohoa, kikohozi kidogo cha adabu kama cha mtu aliyechelewa msikitini, na kifua kikapanda.

"Nilimpa kidogo tu, mjomba, asisumbue," mjukuu akasema. "Vifuniko vinne vya chupa."

Vifuniko vinne ni kama mililita 20. Kwa mtu wa kilo 60 ni sawa na kubugia kama lita moja kwa mkupuo. Komba na kileo ni mambo ya zamani pwani, wagema watakueleza nani anamaliza tembo la mnazi kwenye vibuyu vyao. Ila komba aliyelewa juu ya mnazi akitapika anainamisha kichwa. Wangu nilikuwa nimemshika taya.

Tuliishia hapo. Uzi umekatwa mahali pamoja, uliobaki uko ndani ya nyama. Tulimwagia maji ya chumvi na iodini, tukamweka kwenye boksi lenye matundu, gizani, tukaahidi kurudi kesho. Mwenzangu aliambulia mkwaruzo wa jino: sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kesho yake boksi lilikuwa tupu.

"Nimemfungulia, mwanangu. Wenzake walikuwa wanamwita."

Uzi uliokatwa unaweza kusukumwa nje na usaha wenyewe, nimeona kwa mbwa na kwa mbuzi. Unaweza pia kunasa kwenye tawi. Dakika mbili zaidi tungeumaliza, na pengine tungemmaliza na yeye. Mjukuu nilimfokea sana siku ile. Lakini kuuliza mnyama amekula nini na saa ngapi ndiko kunakotangulia kabla ya kumshika, na mimi sikuuliza.

Jana usiku walikuwa kwenye mkorosho wa jirani, wawili au watatu, wakigombea mabibo. Nikatoka na tochi. Tochi inarudisha macho tu, mekundu, mawili mawili. Kiuno hakionekani.