Darasani mwangu sikukuu huanza kwa hadithi

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha darasa la pili, niliadhimisha sikukuu kwa karatasi za rangi. Tulikata nyota, tukabandika taa za karatasi ukutani, tukaimba. Wiki moja baada ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, nilimuuliza mtoto mmoja taa zile zilikuwa za nini. Akafikiri kidogo, akajibu, "Za ukutani."

Jibu lile lilinikaa moyoni. Mwaka uliofuata nikageuza mpango: hadithi itangulie, na mapambo yatoke ndani ya hadithi.

Basi Diwali ilipofika niliwakalisha mkekani, nikawaita, "Paukwa!" Wakaitika, "Pakawa!" Nikawasimulia jinsi Rama alivyofukuzwa kwao akaishi msituni miaka 14, mkewe Sita akatekwa na Ravana mwenye vichwa kumi, jeshi la nyani likajenga daraja baharini kwenda kumkomboa, na watu wa Ayodhya, mji wao, wakawasha taa kuwapokea waliporudi. Sikushika kitabu. Ukishika kitabu macho yako yanabaki kwenye karatasi, na watoto wa umri huu hufuata macho. Kila mmoja nilimpa kazi: Ravana akitajwa, wote wangurume, nyani wakitajwa, wapige mapaja.

Baadaye kila mtoto alipata donge la udongo ukubwa wa yai. Unaliviringisha, unazamisha kidole gumba katikati, kisha unabinya ukingo upande mmoja utokeze mdomo wa kulaza utambi. Msichana mmoja alikuwa akibinya huku akinong'ona, "Rama, njia ni hii." Sikumkatiza. Mwishoni tulifunga mapazia, kwa kuwa Diwali huangukia usiku usio na mwezi, nikawasha taa moja tu, mezani kwangu, mbali na mikono yao.

Siku chache baadaye nilimwalika bibi wa mwanafunzi mmoja. Yeye akasimulia kwamba kwao Diwali ni siku mungu Krishna alipomshinda jitu Narakasura. Darasa likafoka: "Mwalimu hakusema hivyo!" Nilikuwa tayari kuwatuliza, lakini bibi alicheka, akawaambia taa ni zilezile ila kila nyumba ina hadithi yake. Waliuliza maswali mengi kuliko siku yangu, na tangu hapo sisimulii sikukuu yoyote kama vile ina hadithi moja.

Idi ndiyo iliyonifunza zaidi, kwa sababu niliikosea. Nilimsimamisha mvulana mmoja mbele ya wenzake, bila kumwandaa, nikamtaka aeleze familia yake hufanya nini. Aliinamisha kichwa, hakutamka neno. Jioni mama yake aliniambia mtoto amelia njia nzima. Nilimwomba radhi mama, na kesho yake nikamwomba radhi mtoto mwenyewe. Mtoto wa miaka saba hawezi kubebeshwa dini nzima mabegani. Siku hizi nawaandikia wazazi mapema: tutasimulia nini, tutatengeneza nini, na nani angependa kuja. Naeleza pia kwamba tunajifunza, hatuendeshi ibada. Mzazi asiyetaka mwanawe ashiriki jambo fulani huniambia, nami hupanga kazi nyingine bila kumtenga mtoto.

Mwaka wa tatu, badala ya kumsimamisha mtu, niliwapa wote kazi ya kuutazama mwezi angani. Kila jioni yenye anga safi wautafute wakiwa na mtu mzima, wachore umbo lake kwenye daftari. Darasani tulipanga shanga 365 za mwaka wa kalenda ya ukutani, na chini yake 354 za mwaka unaohesabiwa kwa mwezi, ambao Idi huufuata na ambao wakati mwingine hufika 355. Wakaziona kwa macho yao zile 11 zilizopungua, wakaelewa kwa nini Idi hurudi nyuma kila mwaka ilhali siku zao za kuzaliwa hazihami. Hili lilizua mjadala mkali kuliko hesabu yoyote niliyowahi kufundisha.

Watoto hao nilikuwa nimepanda nao darasa. Baada ya likizo ya Idi, yule mvulana aliingia kabla ya kengele, begi bado mgongoni, daftari limefunguliwa kwenye ukurasa wenye mstari mwembamba uliopinda. "Mwalimu," alisema, "mwezi mwandamo niliuona kabla ya baba." Kisha, bila kuombwa, akaketi mkekani, mahali pangu pa kusimulia, akawasubiri wenzake.