Nyani wangu feki, na wala sioni haya

Mi nakusanya sanamu za kauri, tena kopi, si orijino. Orijino za Meissen, kile kiwanda cha kauri cha Ujerumani, za karne ya 18 nizinunue na hela gani? Wa kwanza alikuwa nyani mpiga fidla, kavaa koti na wigi kama bwana wa ikulu, nilimchomoa kwenye boksi la vikombe soko la Jumapili hapa London kwa paundi 12, kidole kimoja hana. Chini ana panga mbili zilizopishana, chapa ya Meissen kabisa, nikarudi nyumbani moyo unadunda nikijua leo nimetoboa.

Wapi! Mzee mmoja muuza antiki niliyempelekea hata chapa hakuitazama, alitoa rula. Kumbe kauri ikiingia tanuri inanywea, karibu moja ya sita ya kimo inapotea, sasa mtu akitoa kalibu kwenye sanamu ambayo ishachomwa, akamimina udongo wake na kuchoma tena, lazima mtoto atoke mfupi kuliko mamake. Wangu alikuwa mfupi. Na chapa nayo ni rangi ya bluu tu jamani, yeyote mwenye brashi anachora.

Ndo nikaanza kusoma sasa. Kumbe nyani wangu ni wa bendi nzima ya nyani wapiga muziki, aliifinyanga fundi mmoja, Kändler, pale Meissen miaka ya 1750, na haikuchukua muda kiwanda cha kauri cha Chelsea hapa London wakaikopi, na kopi hiyo saa hii ni antiki ya bei mbaya! Halafu kuna kiwanda cha Samson cha Paris, walianza 1845 wakaiga kila kitu, Meissen, Chelsea, vya Wachina, na chapa yao ya S waliweka ila wajanja wakaikwangua, kwa hiyo ukikuta chini ya sanamu pamesuguliwa jua pana stori. Chelsea za Samson ndo rahisi kuzikamata, maana Chelsea ya zamani ni kauri laini na Samson alitumia udongo mgumu, ukizishika zote mbili unaona tofauti, ile ya Samson ngumu, baridi, kama kioo hivi.

Sasa ninao sita, wa tarumbeta kashagundishwa shingo mara mbili. Bi mkubwa wa Mombasa akiwaona kwenye video kolu hachoki: “Weye mtoto, malaika hawaingii nyumba yenye sanamu, na manyani tena!” Siku hizi akipiga nageuza simu iangalie dirishani.