Tuliambiwa ni msichana

Hii habari nimekaa nayo muda mrefu, leo mwenyewe ameniambia andika ila jina langu usilitie, kwa hivyo nitamwita tu mdogo wangu. Ni mtoto wa mamangu mdogo na kwetu huyo si binamu, ni ndugu kabisa, tumelala mkeka mmoja tumekula sinia moja.

Alizaliwa nyumbani, mkunga akasema ni mtoto wa kike, akapewa jina la kike akatogwa masikio, skuli akavaa hijabu kama wenzake. Alipofika darasa la nane sauti ikaanza kuwa nzito, sisi tukidhani ni mafua. Kifua hakikutoka, hedhi haikuja, halafu ndevu zikachomoza. Alikua anaamka kabla ya adhana ya alfajiri aende bafuni akanyoe na wembe watu wasimuone, na hilo nilikuja kuambiwa baadaye sana na linaniuma mpaka leo manake tulikua tunalala chumba kimoja na sikujua kitu.

Akapelekwa skuli ya bweni ya wasichana. Wenzake wakakataa kuoga na yeye, maneno yakafika kwa mwalimu, mwalimu akamwita ofisini akamwambia vua nguo tuhakikishe. Alirudi nyumbani na sanduku lake na hakusoma tena.

Mtaani wakaanza kumwita shoga. Neno lenyewe nalo lishapotezwa, kwa bibi zetu shoga ni rafiki wa mwanamke mwenzake, mamangu hadi leo anamwita jirani "shoga yangu" na wanagawana maandazi. Sasa limekua tusi na linatupiwa kila mtu asiyeeleweka, awe ni huntha, yaani mtu ambaye mwili aliozaliwa nao si wa kike wala wa kiume moja kwa moja, awe ni mwanamume anayependa wanaume, awe ni mtu ambaye mwili wake ni wa kiume na yeye anajijua ni mwanamke. Wote kapu moja. Mimi pia nilikua hivo hivo, sikujua tofauti.

Daktari ndiye aliyetukalisha chini akatueleza. Tumboni sote tunaanza sawa, wiki sita za mwanzo huwezi kutofautisha. Halafu kwa wengi wenye kromosomu Y kuna jeni moja, SRY, inayofanya korodani zijengeke, korodani zinatoa testosteroni, homoni ya kiume, na iko kimeng'enya kinachoigeuza hiyo testosteroni iwe homoni kali zaidi na ndiyo inayojenga maumbile ya nje ya kiume. Mdogo wangu hicho kimeng'enya anacho kidogo sana. Kwa hivyo alipozaliwa alionekana wa kike, na alipobaleghe testosteroni ikaja kwa wingi ikafanya kazi yake. Hakuna aliyemroga, hakuna aliyemfundisha.

Na si aina moja. Kuna mwenye kromosomu XY, zile za kawaida za kiume, ambaye mwili hauisikii kabisa homoni ya kiume, anakua mwanamke wa kuonekana kila kitu ila hedhi haiji. Kuna mwenye XX, zile za kawaida za kike, ambaye tezi za juu ya figo zinatoa homoni ya kiume kupita kiasi, na hapa naomba kina mama wanisikilize sana: baadhi ya watoto hawa mwili unapoteza chumvi, wiki mbili tatu za mwanzo mtoto anatapika, analegea, na anaweza kufa. Mkunga akisitasita kusema ni mvulana ama msichana, mkimbizeni hospitali wapime damu. Simaanishi akakatwe. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inamtaja mtoto huntha kwa jina, inakataza kumbadilisha viungo isipokua kwa ushauri wa daktari bingwa wa mambo ya jeni, na inataka asajiliwe inavyofaa. Kabla yake, 2014, mahakama kuu ilikua na kesi ya mtoto ambaye kwenye karatasi za hospitali, pale pa jinsia, palitiwa alama ya kuuliza. Mtoto wa watu, alama ya kuuliza.

Kilichonishangaza zaidi ni mirathi. Babake alipofariki tukaogopa sheikh atasema nini, manake mtoto wa kiume anapata mafungu mawili na wa kike moja. Sheikh wala hakushtuka. Akasema huntha yumo kwenye vitabu vya fiqhi tangu zamani, akiwa hali yake haijabainika anapewa kile kidogo chenye yakini na kinachobaki kinawekwa hadi ibainike. Akakaa na yeye faragha akamuuliza mambo yake kwa adabu, nguo hakuvuliwa, kisha akatoka akasema huyu ni mwanamume, ahesabiwe hivo. Dada zake mafungu yao yalipungua na hakuna aliyenung'unika. Kaulizwa tu, kajibu, kaaminiwa.

Sasa swali linalonichosha ni hili, "kwani ataoa ama ataolewa?" Jamani, mwili wake ni habari moja. Yeye anajijua ni nani ni habari ya pili, na anasema tangu miaka saba alikua anajijua ni mvulana, wakati wako mahuntha waliolelewa wasichana na wamebaki wanawake na wametulia. Moyo wake unampenda nani ni habari ya tatu na hiyo hata mimi sijamuuliza. Audrey Mbugua, Mkenya aliyezaliwa na mwili wa kiume na anajijua ni mwanamke, hakwenda kortini kutafuta mchumba, alitaka cheti chake cha kidato cha nne kiwe na jina lake, na 2014 korti ikaamuru hivo. Na mwanamume anayependa wanaume mara nyingi hana shaka hata kidogo kwamba ni mwanamume. Shirika la Afya Duniani liliondoa hilo kwenye orodha ya magonjwa 1990, ingawa kwetu sheria bado ina kifungo cha miaka 14 na mahakama kuu 2019 ilikataa kuifuta. Huku Pwani kuna wanaume wawili walikamatwa Kwale 2015 wakapimwa kwa nguvu sehemu za siri, na 2018 mahakama ya rufaa Mombasa ikasema kupimwa vile ni kinyume cha katiba. Niliposoma hiyo nilimkumbuka yule mwalimu na ofisi yake. Ni ile ile, kumvua mtu nguo ndio umjue.

Sensa ya 2019 ilihesabu mahuntha 1,524 nchi nzima, watu milioni 47 na zaidi. Mdogo wangu hayumo. Karani alipobisha hodi mamangu mdogo aliona aibu akajibu mwanamke, na yeye alikua chumbani anasikia.

Siku hizi anatengeneza pikipiki na wateja anao wengi. Kitambulisho bado kina lile jina la kike, kwa hivyo laini ya simu imesajiliwa kwa jina langu na pesa za kazi yake zinapitia kwangu. Juzi kaniuliza kama Jumatatu nina nafasi tukamuone wakili wa hati ya kubadili jina. Mamangu mdogo kasikia, kasema na yeye anakuja, na jina jipya atalichagua yeye manake la kwanza pia ni yeye aliyelitia.