Mtaro wetu na mkutano wa mtaa

Jumamosi nilihudhuria mkutano mkuu wa mtaa kwa mara ya kwanza tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, na nakiri kwamba kilichonitoa nyumbani ni mtaro ulioziba mbele ya geti langu, wala si uzalendo. Tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe, daftari la mahudhurio likapita mkono kwa mkono, na mtendaji akasoma taarifa ya mapato na matumizi kwa kasi ya mtu anayekimbia mvua. Mama muuza maandazi alinyoosha mkono akamwomba arudie kifungu cha michango ya taka. Aliporudia, ikabainika kwamba hesabu haikulingana na idadi ya kaya zilizolipa, naye akaahidi kuleta stakabadhi kikao kijacho. Tutaona.

Kuhusu mtaro, nilidhani tukishakubaliana imetosha. Mwenyekiti alifafanua kwamba hoja yetu itapelekwa kwanza kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, inayoongozwa na diwani, kisha ishindane na hoja za kata nyingine katika bajeti ya halmashauri, ambayo mwaka wake wa fedha huanza Julai 1. Mvua haisubiri Julai. Tuliazimia kila kaya itoe mtu mmoja na koleo, ingawa wapangaji walinung'unika kwamba wenye nyumba hawaonekani kamwe siku ya kazi, na walikuwa na haki.

Jana tulizibua. Ndani ya tope nimekuta sufuria yangu iliyopotea tangu Desemba.