Mwanamke wa shamba la Ardati

Wapendwa, Bwana asifiwe. Wiki hii nawatoa kidogo nje ya Biblia, na najua wapo watakaonikunjia uso. Tulieni. Siongezi neno kwenye Maandiko. Nasoma kilio cha Myahudi mmoja aliyemlilia Mungu huyu huyu tunayemlilia sisi, na kilio hakihitaji kibali cha mtaguso wa kanisa.

Kitabu chenyewe huitwa Ezra wa Nne. Hukikuti kwenye Biblia yetu ya Union, wala kwenye ile ya ndugu zetu Wakatoliki yenye Tobiti na Yudithi. Katika Biblia ya Kilatini kilipewa nafasi mwishoni kabisa, kama mgeni aliyefika chakula kimekwisha. Wanaokihesabu kuwa Maandiko mpaka leo ni majirani zetu wa Kanisa la Tewahedo, Ethiopia. Kiliandikwa karibu na mwaka 100, yaelekea kwa Kiebrania, kikafasiriwa kwa Kigiriki. Vyote viwili vimepotea, kikatufikia kwa Kilatini, Kisiria, Ge'ez (lugha ya kale ya Ethiopia) na lugha nyingine kadhaa. Na hata katika Kilatini hakikusalimika. Mtu fulani alikata karatasi moja kwenye nakala ya mwaka 822, na nakala nyingi zilizotokana na ile zikakosa aya zipatazo sabini, hadi Mwingereza Robert Bensly alipozikuta katika nakala iliyohifadhiwa Amiens, Ufaransa, akazichapisha mwaka 1875. Katika karatasi ile malaika anasema kwamba siku ya hukumu hakuna atakayemwombea mwenziwe. Sijui ninyi, mimi hudhani aliyeshika kisu alikuwa na marehemu wake.

Turudi kwa Ezra. Mwandishi amejivika jina la mtu wa kale: yuko Babeli, ni mwaka wa thelathini tangu mji wa Yerusalemu ubomolewe, amelala kitandani na mawazo yanampanda moyoni. Lakini mji unaomliza hasa ni ule uliochomwa na majeshi ya Warumi mwaka 70, na "Babeli" yake ni Roma. Anauliza swali ambalo mtu mwenye adabu hulimeza: hivi hawa wa Babeli ni wema kuliko Sayuni? Mbona wao wanastawi?

Malaika Urieli anatumwa kumjibu. Anamwambia: haya, nipimie uzito wa moto, nipimie kipimo cha upepo, au nirudishie siku iliyokwisha kupita. Ezra anasema hakuna aliyezaliwa na mwanamke awezaye hayo. Basi, anasema malaika, kama mambo unayoishi nayo huyajui, njia za Aliye Juu utazijuaje?

Jibu zuri hilo. Wengi wetu tungeinamisha kichwa na kusema amina. Ezra anaanguka kifudifudi, lakini akiwa pale chini anasema ingekuwa heri tusingezaliwa kabisa kuliko kuja kuteseka bila kujua sababu. Na baadaye kidogo anaongeza kwamba yeye hakuuliza habari za juu, ameuliza haya yanayowapata kila siku. Kila nikipita hapo nasimama. Anaomba kwa heshima yote, na bado hakubali kuhamishwa kwenye swali lake.

Wanaendelea hivyo kwa njozi tatu. Siwezi kuwapitisha kote, ila moja niwape, maana wengi humu ni wakulima. Urieli anatoa mfano: mkulima hupanda mbegu nyingi, si zote zinazoota, na watu ndivyo walivyo, si wote watakaookoka. Ezra anaukamata mfano palepale. Mbegu ya mkulima, anasema, hufa ikikosa mvua yako kwa wakati wake, au mvua yako ikizidi ikaiozesha. Na mtu je, uliyemfinyanga kwa mikono yako mwenyewe, naye umemfanya kama mbegu ya mkulima? Aliyewahi kurudia kupanda mahindi baada ya mvua za kwanza kukatika anajua Ezra anazungumza nini.

Kisha anaagizwa aende shambani, mahali pasipojengwa nyumba, akae siku saba bila nyama wala divai, ale maua tu. Shamba linaitwa Ardati. Siku zinapotimia, mawazo yanampanda tena, anaanza kusema na Mungu, na akigeuka kulia anamwona mwanamke. Nguo zimeraruliwa, majivu kichwani, analia kwa sauti.

Anamwuliza una nini. Mwanamke anasema alikaa na mumewe miaka thelathini bila mtoto, akiomba mchana na usiku. Akapata mwana mmoja. Akamlea kwa taabu, akamtafutia mke, akapanga siku ya karamu. Kijana akaingia chumbani mwake usiku wa harusi, akaanguka, akafa. Tukazima taa zote, anasema. Majirani wakaja kunifariji, nami nikanyamaza mpaka jioni ya siku ya pili. Waliponyamaza wote, wakidhani nimetulia, nikaondoka usiku nikakimbilia huku. Mjini sirudi. Sitakula wala kunywa, nitalia mpaka nife.

Hapo ningetegemea Ezra aketi chini. Yeye amelia kurasa nzima! Badala yake anamkasirikia. Wewe mpumbavu kuliko wanawake wote, anamwambia, huoni msiba wetu? Sayuni, mama yetu sote, yuko katika huzuni, nawe unamlilia mwana mmoja? Halafu anampa ushauri: ukikiri kwamba hukumu ya Mungu ni ya haki, mwanao utampata kwa wakati wake. Rudi mjini kwa mumeo.

Neno lile lile alilolikataa kwa malaika, sasa analigawa yeye.

Nilipolisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu, kwa sababu namfahamu mtu huyo. Miaka michache nyuma nilitumwa na jumuiya kwenda kwa mama mmoja aliyefiwa na kijana wake kwa ajali ya bodaboda. Nikasimama na Biblia mkononi nikasema, "Mama, kazi ya Mungu haina makosa." Hakunijibu. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na simu ya marehemu ikiwa bado kwenye chaja, waya unaburuta sakafuni, akanionyesha kioo. Kulikuwa na ujumbe wa mtu ambaye habari haikuwa imemfikia: "Oya, leo unakuja?" Akasema, "Huyu nimjibu nini, mzee?" Nami, mzee wa kanisa, niliyekuwa na mistari mitano iliyowekewa alama, sikuwa na jibu la mstari mmoja.

Marafiki wa Ayubu angalau waliketi naye chini siku saba, usiku na mchana, kabla ya kuharibu kwa kufungua kinywa. Mimi sikumaliza hata dakika saba.

Basi mwanamke wa Ardati anamjibu Ezra: sitaki. Siingii mjini, nitafia hapa. Na mimi naona maneno ya Ezra yanabadilika kuanzia hapo, ingawa bado anamhimiza ajikung'ute huzuni yake. Mazoea hayamtoki mtu mara moja. Anaanza kuorodhesha yake mwenyewe. Patakatifu petu pamekuwa magofu, madhabahu imebomolewa, kinubi kimelala chini, wimbo umenyamaza, mwanga wa kinara umezimwa. Kinara kile Warumi walikibeba kwenye gwaride la ushindi, na mchoro wake umechongwa kwenye tao la Tito, jemadari wa Kirumi aliyeuteka mji, pale Roma hadi leo. Anataja makuhani waliochomwa moto, wasichana walionajisiwa, vijana waliotiwa utumwani. Aliyekuja kukemea, sasa wako wawili shambani na kila mmoja ana msiba wake.

Akiwa bado anasema, uso wa yule mwanamke unang'aa ghafla kama umeme. Anatoa sauti kubwa, nchi inatikisika. Ezra akitazama, mwanamke hayupo. Mbele yake kuna mji unaojengwa, na misingi yake ni mikubwa ajabu. Anaogopa, anaita, "Yuko wapi Urieli?" na kuanguka kama maiti. Malaika anakuja, anamshika mkono wa kuume, anamsimamisha. Yule uliyemwona, anamwambia, ndiye Sayuni.

Yaani yule aliyekuwa akimlilia tangu ukurasa wa kwanza alikuwa mbele yake na majivu kichwani, naye akamwita mpumbavu. Na yule mama wa simu, wapendwa, nilikaa miezi minne nikipita njia nyingine kwenda sokoni. Siku niliyorudi sikubeba Biblia. Alikuwa anachambua mchele. Akanisogezea kigoda na ungo wa pili, tukachambua, akanisimulia jinsi kijana alivyokuwa akiimba kwa sauti mbaya asubuhi hadi majirani wanalalamika, akacheka, kisha akalia, kisha tukaendelea na mchele.

Urieli hakurudia tena habari za moto na upepo. Alimwambia Ezra asiogope, aingie ndani ya mji ule atazame uzuri na ukubwa wa jengo kadiri macho yake yawezavyo kuona, kisha asikie kadiri masikio yake yawezavyo kusikia. Akamwambia asiondoke pale shambani hadi usiku wa kesho yake. Ezra akalala usiku ule, na uliofuata.